Ukerewe na Ukara: visiwa tulivu jirani na Simiyu, na namna ya kuvifikia salama

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, wakazi wengi wa Bariadi wakitaja safari ya kisiwani huwa na maana ya Zanzibar. Ni safari ndefu, na kwa familia yenye watoto wanne nauli peke yake humaliza fedha za pamba. Lakini Mkoa wa Simiyu wenyewe unagusa Ziwa Victoria, kupitia Wilaya ya Busega. Ukisimama ufukweni Lamadi unatazama Ghuba ya Speke, na upande wa pili wa ghuba hiyo kuna Ukerewe.

Katika makala hii tunaeleza visiwa hivyo viko wapi, vinafikiwaje, vina nini cha kumpendeza mgeni, na kwa nini anayekwenda huko anapaswa kujua kilichotokea Septemba 20, 2018.

Viko wapi?

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 530, na kiutawala ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Makao makuu yake ni mji wa Nansio. Ukara ni kisiwa kidogo zaidi, chenye eneo la kilomita za mraba zisizofika 100, kaskazini mwa Ukerewe. Lugha za wenyeji ni Kikerewe, Kijita na Kikara, lakini Kiswahili kinakutosha kila mahali.

Njia mbili za kutoka Bariadi

Njia ya kwanza ni ya Bunda. Unapanda basi kutoka Bariadi hadi Lamadi, kilomita zipatazo 72 za lami. Hapo unashika barabara kuu ya Mwanza–Musoma kuelekea Bunda, kisha unageuka magharibi kupitia Kibara hadi Kisorya. Kutoka Kisorya kivuko huvuka mlango wa maji wa takribani kilomita nne hadi Rugezi, ambako tayari uko Ukerewe. Magari na pikipiki za kwenda Nansio hupatikana hapo.

Njia ya pili ni ya Mwanza. Kutoka Lamadi unaelekea Magu na Mwanza mjini, halafu unapanda meli hadi Nansio, mwendo wa saa tatu hivi majini. Njia ya Bunda inamfaa anayeogopa maji, kwa kuwa sehemu ya kuvuka ni fupi. Njia ya Mwanza inamfaa anayetaka kuliona ziwa.

Anayekwenda Ukara huvuka mara ya pili, kutoka Bugolora kaskazini mwa Ukerewe hadi Bwisya. Ratiba za vyombo hubadilika, hivyo uliza bandarini siku moja kabla, na usipange kurudi siku ileile.

Utakuta nini Ukerewe?

Usitarajie hoteli za kitalii kama za Pwani. Nansio ni mji mdogo wenye nyumba za wageni za bei ya kawaida, soko, na samaki: sato, sangara na dagaa. Nje ya mji ni mashamba ya muhogo, miti ya matunda, miamba mikubwa na ufukwe. Jioni sauti kubwa huwa ya wavuvi wanaosukuma mitumbwi. Kwa wengi utulivu huo ndio likizo yenyewe.

Kisiwa hiki pia kina historia yake. Kilikuwa na utawala wa watemi wake kabla ya wakoloni, na Bukindo panajulikana kwa jumba la mtemi. Hapa ndipo alipoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na maisha ya Wakerewe wa zamani. Alisubiri miaka 35. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Mwenye watoto wa sekondari akisafiri nao na kitabu hicho, watakisoma mahali kilipozaliwa.

Ukara: somo kwa mfugaji

Watu wengi huenda Ukara kuona jiwe linalocheza, mwamba ambao wenyeji huusimulia kwa heshima ya mila. Ukifika, omba mwenyeji akupeleke, na fuata masharti utakayopewa.

Kwa mkulima wa Bariadi tunaona kuna jambo kubwa zaidi la kutazama: shamba. Udongo wa Ukara ni wa kichanga na hauna rutuba nyingi, ilhali watu wamebanana sana. Wakara walitatua tatizo hilo vizazi vingi kabla ya mabwana shamba. Ng'ombe hufungwa ndani na kukatiwa majani. Samadi hukusanywa na kupelekwa shambani. Uwele hupandwa pamoja na marejea, mmea unaofukiwa ardhini ili uwe mbolea. Majani ya mifugo hulimwa kando ya ziwa, kwenye mashimo yenye maji. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiandika juu ya kisiwa hiki tangu enzi za ukoloni.

Sisi wa Simiyu tumezoea kundi linalotembea kutafuta malisho, na kila mwaka tunasikia ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kila boma lifuate mtindo wa Ukara. Tunasema ni vizuri kuona kwa macho jinsi watu wenye ardhi ndogo walivyoishi nayo bila kuichosha.

Septemba 20, 2018

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kivuko MV Nyerere kiliondoka na watu waliokuwa wakirudi Ukara na mizigo yao. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, lakini waliokuwemo walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kilipinduka. Zaidi ya watu 220 walikufa na 41 waliokolewa, akiwemo fundi wa kivuko aliyepatikana hai siku mbili baadaye ndani ya chombo kilichopinduka. Taifa liliomboleza siku nne, na baadhi ya marehemu wamezikwa pale pale Bwisya. Baadaye kivuko kipya, MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kilipelekwa kwenye njia hiyo.

Kumbuka kwamba abiria wale hawakuwa likizo. Walikuwa wametoka sokoni, na hawakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani. Mgeni anaweza kulala Bugolora akavuka kesho, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi. Kwa hiyo mgeni anayejibana kwenye kivuko kilichojaa anahatarisha maisha yake, na pia anamwongezea hatari mtu asiye na hiari.

Kabla ya kupanda chombo

- Soma idadi ya abiria inayoruhusiwa. Watu wakizidi, shuka.
- Vaa jaketi okozi tangu mwanzo, na mvalishe mtoto linalomtosha.
- Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria.
- Wingu zito likitanda au upepo ukianza kuvuma, subiri.
- Usikimbilie upande mmoja chombo kinapokaribia gati.
- Ukiona ukiukaji, toa taarifa kwa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Vivuko vya Serikali huendeshwa na TEMESA.

Kuoga ziwani

Maji ya ufukweni yenye majani na konokono yana hatari ya kichocho. Waulize wenyeji mahali pa kuogea, na pia kama kuna mamba. Mtu akiona damu kwenye kinyesi au mkojo wiki au miezi baada ya safari, aende kituo cha afya na aseme alioga ziwani. Dawa ipo na inatibu. Beba chandarua, maana malaria iko kanda yote ya ziwa.

Tenga siku tatu au nne, moja iwe ya akiba. Ziwa likichafuka, siku hiyo ya akiba itakuwezesha kusema: leo hatuvuki.