Maonyo ya mwisho wa mstari: Alama zisizoonekana zinazovuruga programu

WANAOJIFUNZA kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C hukutana mapema na onyo linalowashangaza. Kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mwandishi kuwa maelekezo ya mashine, hulalamika kwamba faili halikumalizika kwa mstari mpya, au kwamba miisho ya mistari yake haifanani. Kwa macho, faili halina kasoro yoyote. Wengi hulipuuza onyo hilo, na mara nyingine hujuta.

Chimbuko lake ni teleprinta. Katika mpangilio wa herufi wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, alama namba 13 iliagiza kichwa cha kuchapia kirudi mwanzo wa mstari, na namba 10 iliagiza karatasi isogee mstari mmoja. Teleprinta ilizihitaji zote mbili. Mfumo wa Unix ulichagua namba 10 pekee, MS-DOS na baadaye Windows zikashika zote mbili, huku Macintosh ikitumia namba 13 peke yake hadi ilipokuja Mac OS X mwaka 2001. Teleprinta zimetoweka maofisini, lakini ugomvi huo haujaisha. Hata Notepad ya Windows ilianza kuionyesha sawasawa mistari ya Unix mwaka 2018 tu.

Kanuni za C zilizopitishwa mwaka 1989 zinataka kila faili lisilo tupu limalizike kwa mstari mpya. Sababu ni kwamba faili moja huingizwa ndani ya jingine, na mstari wa mwisho usiofungwa ungeweza kuungana na wa kwanza wa sehemu inayofuata. Lugha ya C++ ililegeza sharti hilo mwaka 2011.

Hatari kubwa zaidi imo katika alama zisizolingana. Mikwaju miwili (//) huanzisha maelezo ambayo kompaila huyaruka hadi mwisho wa mstari. Faili lenye namba 13 pekee likisomwa na kompaila inayotambua namba 10 tu, mwisho huo hauonekani kamwe, na maelekezo yote yanayofuata huhesabiwa kuwa maelezo. Ndiyo maana kompaila ya Microsoft hutoa onyo C4335, ikitaka faili la mtindo wa Macintosh ligeuzwe kuwa la DOS au Unix.

Vivyo hivyo, hati ya amri iliyoandikwa kwenye Windows hukwama ikipelekwa kwenye seva ya Linux. Alama namba 13 hujibandika kwenye jina la programu iliyotajwa katika mstari wa kwanza, na mfumo hujibu kwamba programu hiyo haipo, ilhali ipo.

Tiba si ngumu. Amri ya dos2unix hugeuza faili mara moja, na wanaotumia Git huweza kuandika kanuni moja ya kundi zima katika faili la .gitattributes. La kuangalia ni kwamba baada ya ugeuzaji kila mstari huonekana umebadilishwa, hata ule ambao hakuna aliyeugusa. Kazi hiyo ifanywe peke yake, isichanganywe na marekebisho mengine, kwani kosa jipya lililojificha kati ya mistari elfu iliyogeuzwa ni vigumu mno kuligundua.