"Sijatumia Dawa!": Mastaa Waliokataa, Mashabiki Waliowaapia, na Mtu wa Pili Aliyesahaulika

Oktoba 13, 2024, Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathon ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10, wadau. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Tigst Assefa wa Ethiopia, 2:11:53, na yenyewe ilikuwa ya mwaka uliotangulia tu. Dada kaikata karibu dakika mbili nzima. Ili uelewe ukubwa wa jambo: rekodi ya Paula Radcliffe wa Uingereza, 2:15:25 ya mwaka 2003, ilikaa miaka 16 kabla mtu hajaigusa.

Baada ya mbio, mwandishi mmoja akauliza swali ambalo wengi waliliona halina adabu: kuna watu watasema muda huu ni mzuri kupita kiasi, unawaambiaje? Chepngetich akajibu kwa upole tu kwamba hajui, watu lazima waongee.

Mitandaoni povu likatoka. Mwandishi alitukanwa mpaka basi. Kauli iliyotembea sana ilikuwa kwamba mzungu hawezi kuvumilia kumwona Mwafrika akishinda. Shirikisho la riadha la Kenya nalo likasimama upande wa mwanariadha wake.

Miezi mitano baadaye, Machi 14, 2025, akachukuliwa mkojo. Ikakutwa dawa ya kukojoza ambayo hospitali huwapa watu wenye presha, na ambayo michezoni imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine mwilini. Kiwango cha kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na 3,800. Mwanzo hakuwa na maelezo, baadaye akasema aliumwa na akanywa dawa ya dada wa kazi wa nyumbani kwake. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago ikabaki vitabuni, maana kipimo kilichukuliwa baada ya mbio hizo.

Na wale wale waliomtukana mwandishi? Wengi wakageuza kibao. Yule aliyekuwa "dada yetu" akawa "mwizi". Sasa kabla hujawacheka Wakenya, ujue kwamba mchezo huu una historia ndefu, na umechezwa na mataifa makubwa kuliko sisi.

Seoul 1988: shujaa kwa siku tatu

Septemba 24, 1988, Ben Johnson wa Canada alishinda mita 100 za Olimpiki kwa sekunde 9.79 na kumwacha Carl Lewis wa Marekani kwenye vumbi. Canada ilirukaruka kwa furaha. Siku tatu baadaye medali ikachukuliwa. Kwenye mkojo wake kulikutwa stanozolol, dawa ya kujenga misuli.

Johnson akakataa. Watu wake wakaleta hadithi ya kinywaji: kuna mtu kamwekea kitu kwenye chupa. Hiyo hadithi ya chupa ilizoeleka sana baadaye, kila anayekutwa anaipenda. Mwaka 1989 serikali ya Canada ikaunda tume, Johnson akaapishwa, na pale akakiri.

Kilichobaki kwenye midomo ya watu ni utani mmoja mchungu. Johnson alizaliwa Jamaica akahamia Canada akiwa kijana. Watu wakasema: aliposhinda alikuwa Mcanada, alipokutwa akawa Mjamaika. Jamaa hakubadilisha hata pasipoti. Kilichobadilika ni hamu ya watu kusema "ni wetu".

Marion Jones: kipimo kilisema hana

Huyu ndiye anayewachanganya wengi. Sydney mwaka 2000, Marion Jones wa Marekani alibeba medali 5, dhahabu 3 na shaba 2. Alikuwa mrembo, mcheshi, matangazo ya biashara yakamfuata. Tetesi zilipoanza alikataa kwa nguvu zote. Mwaka 2004 bosi wa maabara moja ya California alisema kwenye televisheni kwamba alimpa dawa, na Jones akamfungulia kesi akidai dola milioni 25.

Mwaka 2006 sampuli yake ya kwanza ikaonyesha EPO. Watu wakasema kwisha habari yake. Ikapimwa sampuli B, ikatoka safi. Fikiria furaha ya mashabiki wake siku hiyo! Waliomwamini miaka yote wakaona Mungu kawalipa.

Oktoba 2007 akasimama nje ya mahakama, akalia, akasema alidanganya. Medali zote akazirudisha, na mwaka 2008 akaenda jela miezi 6 kwa kuwadanganya wachunguzi wa serikali. Katika maisha yake yote ya riadha hakuwahi kupatikana na hatia kwa kipimo hata kimoja.

Kwa hiyo ule utetezi wa mashabiki kwamba "mbona kapimwa mara mia na hajakutwa" si ushahidi kamili. Unamaanisha tu kwamba hajakutwa.

Armstrong na bangili za njano

Lance Armstrong alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: aliugua saratani akapona, halafu akashinda mbio za baiskeli za Ufaransa, Tour de France, mara 7 mfululizo, 1999 hadi 2005. Zile bangili za mpira za njano za taasisi yake ziliuzwa kwa makumi ya mamilioni duniani.

Ungemshukuje mtu kama huyo? Waliojaribu walikiona. Magazeti yalishtakiwa, wenzake wa zamani waliosema ukweli waliitwa waongo na wenye wivu. Mashabiki wengi walivaa bangili kwa ajili ya mama au baba aliyekuwa anaumwa. Kwao, kumsema Armstrong ilikuwa kama kumsema mgonjwa wao.

Mwaka 2012 akavuliwa mataji yote 7. Januari 2013 akakaa mbele ya Oprah Winfrey akakiri. Ndipo watu wakaanza kuwakumbuka wale waliotukanwa miaka kumi nyuma. Wengi wao walishapoteza kazi, marafiki na hela za mawakili.

Rudi Afrika Mashariki: Kiprop

Asbel Kiprop ni hadithi inayoumiza zaidi, na sababu ni hii. Beijing 2008, akiwa na miaka 19, alimaliza wa pili kwenye mita 1500. Aliyeshinda ni Rashid Ramzi wa Bahrain. Baadaye Ramzi akakutwa na dawa, akanyang'anywa, na dhahabu ikamfuata Kiprop nyumbani. Hakusimama pale juu Beijing wimbo wa Kenya ukipigwa. Aliibiwa ile siku.

Akaja kuwa bingwa wa dunia mara 3: 2011, 2013 na 2015. Mrefu, mwembamba, anakimbia kama anateleza. Ndiye mtu ambaye Mkenya angemtaja kama mfano wa aliyedhulumiwa na wanaotumia dawa.

Mei 2018 ikajulikana kwamba sampuli yake ya Novemba 2017, iliyochukuliwa Iten, ilikutwa na EPO. Kwa asiyejua, EPO inaongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, kwa hiyo mtu anachelewa kuchoka. Kiprop akakataa katakata. Akasema waliokuja kumpima walimpa taarifa siku moja kabla, kinyume na utaratibu, na kwamba walimwomba hela naye akawatumia. Akasema huenda sampuli yake ilichezewa.

Hapa watu waligawanyika, na waliomtetea walikuwa na hoja. Kitengo cha uadilifu cha riadha duniani kilikubali kwamba ni kweli alipewa taarifa mapema. Kila mtu Afrika Mashariki anajua ofisa anayeomba "kitu kidogo" anafananaje. Hadithi yake iliingia akilini kirahisi kwa sababu ilifanana na maisha yetu. Lakini majaji waliona hayo hayaelezi EPO imefikaje kwenye mkojo, na Aprili 2019 akafungiwa miaka 4. Yeye hajakubali.

Aliyeibiwa dhahabu akaishia kwenye orodha moja na aliyemwibia.

Lakini kuna aliyekataa na akawa mkweli

Usije ukaondoka hapa ukidhani kila anayekataa anadanganya. Peter Bol ni mkimbiaji wa mita 800 wa Australia aliyezaliwa Sudan. Baada ya kumaliza wa nne Olimpiki ya Tokyo, Australia nzima ilimpenda. Januari 2023 habari zikavuja kwamba sampuli yake ya kwanza imekutwa na EPO. Bol akasema hajatumia kitu chochote.

Maneno yake yalifanana neno kwa neno na ya Jones na Armstrong. Walioshaumwa na nyoka wakaogopa na unyasi, wakasema hao wote ndivyo wasemavyo. Februari sampuli B haikuthibitisha ya kwanza, kusimamishwa kukaondolewa, na Agosti 2023 uchunguzi ukafungwa bila kumkuta na kosa.

Mwongo na mkweli wanatumia sentensi moja. Hakuna shabiki duniani anayeweza kuwatofautisha kwa kuangalia macho ya mtu kwenye video.

Kwa nini tunawatetea hivi?

Ukipanga kesi zote hizi utaona mashabiki hawatetei mkojo wa mtu. Canada ilitetea heshima yake mbele ya Marekani. Waliovaa bangili walitetea wagonjwa wao. Kenya inatetea kitu kikubwa zaidi, maana riadha kule ni ajira. Kijana wa Iten au Kapsabet anaona nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa miguu ya jirani, anaamini na yeye anaweza. Ukisema yule jirani alitumia pufya, umemwambia kijana kwamba jasho peke yake halitoshi.

Na ukweli ni kwamba kukataa kulianzia juu. Tuhuma zilipoanza kutangazwa na televisheni ya Ujerumani mwaka 2012, viongozi wa Kenya walizipuuza. Sheria ya kupambana na dawa hizi ilikuja mwaka 2016, Kenya ikiwa inaelekea kuzuiwa kwenda Rio. Mwaka 2022 ikaponea chupuchupu kufungiwa nchi nzima, baada ya serikali kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Ule muda uliopotea kwa kusema "wanatuonea wivu" uliliwa na wanariadha wasafi, ambao leo wakishinda wanaulizwa swali lile lile la Chicago.

Mtu wa pili

Katika kelele zote kuna mtu haulizwi. Boston 2014, Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathon, akashangiliwa. Baadaye mwaka huo akakutwa na EPO, akafungiwa, na ushindi wa Boston ukafutwa. Mshindi halali akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekuwa wa pili.

Halali kwenye karatasi, lakini hela hakupata. Tofauti ya zawadi ya kwanza na ya pili ilikuwa dola 75,000, na Jeptoo alishalipwa. Waandaaji walisema wanasubiri kuzirudisha kutoka kwake. Deba akasubiri miaka 10. Akazaa, mbio zikapungua, na nguvu za mkimbiaji haziwekwi benki. Mwaka 2024 habari yake ilipoandikwa, shabiki mmoja Mmarekani ambaye hata hakuwa ndugu yake alitoa dola 75,000 mfukoni mwake akamlipa.

Wakati mitandao inagombana kama Jeptoo ameonewa au la, hakuna aliyemtafuta Deba. Sydney ilikuwa vilevile, na kule mambo yakawa magumu zaidi: wa pili nyuma ya Marion Jones kwenye mita 100, Katerina Thanou wa Ugiriki, naye alikuwa na kesi yake ya kukwepa vipimo mwaka 2004, na kamati ya Olimpiki ikakataa kumpa dhahabu. Mpaka leo mita 100 za wanawake za mwaka 2000 hazina mshindi.

Siku staa mwingine atakaposimama mbele ya kamera kusema "sijatumia", na siku hiyo haiko mbali, kumwapia ni haraka na kumchoma ni haraka. Subiri sampuli B, subiri uamuzi. Ila usisubiri kutafuta jina la aliyemaliza nyuma yake. Huyo ndiye ambaye, staa akiwa amedanganya, ameshaibiwa tayari, na hana muda mwingi wa kukimbia.