Fundi wa Ifo na Bodi Iliyoliwa na Kutu

Kambi ya Ifo, iliyoko karibu na mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1991, mwaka uleule serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ilipoanguka Mogadishu, na mwaka uliofuata zikaongezwa Dagahaley na Hagadera, zote tatu zikikusudiwa watu 90,000 tu. Umeme wa gridi ya taifa haukufikishwa kwenye makazi ya wakimbizi, hivyo uliotumika ulitoka kwenye betri za gari, paneli za jua, na sokoni kwenye jenereta za wafanyabiashara waliowauzia majirani kwa kuvuta nyaya kutoka kibanda hadi kibanda. Ufundi wa vifaa vya umeme ulikulia katika uhaba huo, kwa sababu anayetegemea betri moja hulazimika kujua umeme wake unaanzia wapi, unapita wapi na unapotelea wapi.

Kifaa kilichobeba mengi kuliko vyote katika miaka ya 1990 kilikuwa taar, jina ambalo Wasomali waliipa redio ya masafa marefu ambayo kwayo jamaa waliotenganishwa na vita walitafutana, na habari za fedha za hawala zikapitishwa. Simu za mkononi ziliififisha taar, kisha vikaja vipakatalishi, yaani kompyuta za kupakatwa, ambavyo umuhimu wake uliongezeka kuanzia 2013 ulipoanza mpango wa BHER wa elimu ya juu kwa wakimbizi, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, York na British Columbia. Kipakatalishi kilichozimika hakikuwa rahisi kupelekwa Nairobi, kwa kuwa mkimbizi alihitaji kibali ili atoke kambini. Kilichoharibikia Ifo kilipaswa kupona Ifo.

Adui mkubwa wa bodi, yaani ubao wenye saketi zote za kompyuta, ni maji, na Ifo imejengwa mahali ambapo mafuriko ya El Niño ya 1997 na yale ya Novemba 2006 yaliingia hadi ndani ya makazi. Maji huiharibu bodi kwa kasi zaidi betri ikiwa bado imechomekwa: mkondo wa umeme unapopita kwenye unyevu wenye chumvi, shaba humong'onyoka upande wenye volti ya juu, ikaacha kutu ya kijani na njia iliyokatika. Ndiyo maana betri huchomolewa kabla ya jambo lingine lolote, na ndiyo maana ushauri ulioenea wa kukifukia kifaa ndani ya mchele haufai, kwani mchele hauondoi chumvi iliyokwisha kutua juu ya shaba.

Bodi yenyewe ni gridi ndogo. Chaja huleta volti 19 hivi, ambazo hupita kwenye fyuzi na transista za mlangoni hadi njia kuu, ambako vigeuzi huzishusha kuwa volti 5 na 3.3, zinazotakiwa kuwapo hata kabla kitufe hakijabonyezwa, na hatimaye volti 1 hivi ya kichakataji. Fundi huifuata safari hiyo kwa mita, kituo baada ya kituo. Akikuta ukinzani kati ya njia kuu na ardhi ya saketi unakaribia sufuri, hapo pana shoti, ambayo mara nyingi husababishwa na kapasita, kijidude cha kutunza chaji, kilichopasuka ndani. Basi huipitishia njia hiyo volti 1 kutoka nje, akaipaka bodi spiriti, na pale spiriti inapokauka kwanza ndipo penye kosa.

Kosa likishaonekana hubaki kulehemu, na huko nako mambo yalibadilika: kuanzia Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi katika vifaa vya umeme, na viwanda vya dunia vikafuata. Mchanganyiko wa bati na risasi uliotumiwa kulehemu redio za zamani huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ilhali ule wa bodi mpya huhitaji 217 au zaidi, na shaba iliyopangwa tabaka juu ya tabaka huunyonya moto kabla haujafika panapotakiwa. Mkono uliozoea redio ulilazimika kujifunza joto upya. Njia iliyoliwa kabisa hukwanguliwa ncha zake mpaka shaba ing'ae, waya mwembamba kama unywele ukalehemiwa kuvuka pengo, ukapakwa vanishi, kisha mita ikarudishwa mahali palepale kupima kama volti 3.3 zimefika.