Baiskeli na Daraja la Nyali
Historia ya baiskeli katika Nyali haitenganiki na historia ya kivuko, kwa kuwa kisiwa cha Mombasa kimetenganishwa na bara ya kaskazini, iliko Nyali, kwa Hori la Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Mwaka 1931 lilifunguliwa hapo daraja la kuelea, ambalo njia yake ilibebwa na maboya makubwa yaliyopanda na kushuka kwa kufuata maji kujaa na kupwa, na aliyevuka alitozwa ushuru.

Mwaka 1980 daraja la zege lenye njia sita za magari lilichukua nafasi yake, likarahisisha safari za maelfu ya wakazi wa Kisauni, upande huohuo wa bara, lakini mwendesha baiskeli hakutengewa njia yake mwenyewe, hivyo akabaki ama kuchanganyika na matatu na malori ama kuikokota baiskeli kati ya watembea kwa miguu. Hilo lilikuwa kosa kubwa la mipango, kwani ardhi ya Nyali ni tambarare na inafaa mno kwa baiskeli. Kwamba kivuko kinaweza kujengwa kwa ajili ya wasio na magari kulidhihirishwa na daraja la miguu la Liwatoni, lililofunguliwa upande wa Likoni, kusini mwa kisiwa, mwaka 2021.

Baiskeli ilipoteza nafasi pia katika usafiri wa abiria: bodaboda, biashara ya kubeba abiria iliyoanza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, iligeukia pikipiki kwa kasi baada ya serikali ya Kenya kuziondolea pikipiki ndogo kodi mwaka 2008.