Kurejesha Ndege Mpaka Siku Gani?

Mwaka 2012, ndani kabisa ya jangwa la magharibi la Misri, watafutaji wa mafuta walikuta ndege ya kivita imelala juu ya changarawe, mbali na kijiji chochote. Ilikuwa Kittyhawk ya Jeshi la Anga la Uingereza, namba ET574. Tarehe 28 Juni 1942 rubani wake, Dennis Copping, kijana wa miaka 24, alikuwa akiipeleka matengenezoni akapotea njia. Parachuti lake lilikutwa kando ya ndege, ishara kwamba alishuka akiwa hai na kujitafutia kivuli.

Kwa miaka 70 upepo wa mchanga uliisugua ndege ile mpaka rangi ikapauka, na pengine likabaki bati tupu. Baada ya kuonekana ilihamishiwa El Alamein, na huko ikaja kupakwa rangi mpya. Nikitakiwa kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili cha kila siku nitasema "ndege imekarabatiwa", na hakuna atakayenisahihisha. Shida yangu inaanzia hapo.

Niliwahi kutafsiri maelezo ya picha za ndege za Vita Kuu ya Pili. Kila palipoandikwa "restoration" niliweka urejeshaji. Mhariri, kwa nia njema kabisa, akafuta kote akaandika ukarabati, akaniambia ndilo neno wasomaji wanalolijua. Ni kweli wanalijua. Tunakarabati barabara, madarasa, viwanja vya mpira. Meli ya MV Victoria ilikarabatiwa Mwanza, ikafungwa injini mpya, na abiria wa Bukoba akafurahi, kwa sababu alichotaka ni kufika salama. Hakuwa na haja ya kuuliza injini ya zamani imekwenda wapi. Ukarabati unaitazama kazi ya kesho: chombo kilikuwa hakifanyi kazi, sasa kinafanya. Kipuri kipya kikiwa bora kuliko cha zamani, fundi anasifiwa.

Kwa ndege ya kihistoria mambo yanageuka. Kipuri cha zamani ndicho chenye thamani, na kila kilichobadilishwa ni ushahidi uliopungua.

Ndiyo maana nashikilia urejeshaji. Kitenzi chenyewe, kurejesha, hakikubali kusimama peke yake. Ukisema umerejesha kitabu, mtu atauliza umekirejesha wapi: maktaba, kwa mwenyewe, au rafuni? Kurejesha lazima kuwe na pa kufikia. Katika ndege, pa kufikia ni siku. Unairejesha siku gani? Siku ilipotoka kiwandani, rangi ikinukia? Siku ya mwisho iliporuka, ikiwa na masizi ya moshi wa injini ubavuni? Mafundi wa kazi hii hujiuliza swali hilo kabla hawajashika bisibisi, na Kiswahili kimeshaliweka ndani ya kitenzi. Ukarabati haukuulizi.

Na siku hiyo haipatikani bila utambuzi wa vipande. Chukua kipande cha bati la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ukubwa wa sinia, kilichofukuliwa shambani. Kwanza unahesabu matundu ya ribiti na kupima nafasi kati yake. Unakigeuza ndani, ambako jua na mvua havikufika, kwa sababu rangi ya asili mara nyingi hubakia huko, hasa chini ya mkunjo au mahali mabati mawili yalipolaliana. Unatafuta mihuri ya wino ya wakaguzi, midogo kama kifungo cha shati. Herufi CBAF zinasema Castle Bromwich, kiwanda cha karibu na Birmingham kilichounda zaidi ya nusu ya Spitfire zote. Halafu namba ya kipande. Ikianza na 300, kilichorwa kwa ajili ya Spitfire ya kwanza kabisa, ile ya mchoro wa R. J. Mitchell iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936 huko Eastleigh, karibu na Southampton, si Eastleigh ya Nairobi. Ikianza na 361, ni ya toleo la tisa.

Wengi huteleza hapo. Namba ya 300 haithibitishi kwamba kipande kilitoka kwenye ndege ya toleo la kwanza. Inasema tu kwamba kilichorwa wakati huo. Kama mchoro haukubadilika, kipande kilekile kiliendelea kufungwa kwenye matoleo ya baadaye kikiwa na namba ileile ya zamani. Kwa hiyo mtambuzi makini huandika "namba ya mchoro" na wala haandiki "namba ya ndege", na ningependa tofauti hiyo ihifadhiwe kwa Kiswahili pia. Geji nazo zina lugha yake. Za Uingereza huwa na herufi AM chini ya taji, pamoja na namba ya bohari: 6A ni kundi la geji na ala nyinginezo, 5C ni vifaa vya umeme. Ukishazoea, unaweza kuokota kipande kisicho na umbo tena, ukafuta udongo kwa kidole gumba, na tarakimu moja na herufi moja zikakuambia kilikuwa kifaa cha aina gani.

Wakati mwingine bati linaonyesha safu ya pili ya matundu isiyo kwenye mchoro wowote. Hicho ni kiraka. Risasi ilipita hapo, na fundi wa kikosi alikata bati jingine akalipigilia usiku ili ndege iruke alfajiri. Ukiirejesha ndege siku ya kiwandani, kiraka lazima kitoke. Ukiirejesha siku yake ya mwisho, kiraka ndicho kito chako. Mimi ningekiacha, kwa sababu ndege za kiwandani zilikuwa maelfu zikifanana, lakini kiraka kile ni cha ndege ile moja.

Kipande kinachobishaniwa kuliko vyote ni kibati cha utambulisho, kile kidogo cha chuma kilichopigwa chapa aina ya ndege na namba yake. Yeyote aliyewahi kununua gari la mkononi anaelewa uzito wake: unafungua boneti, unasoma namba ya chesi, unailinganisha na kadi. Sasa fikiria kibati kimepatikana, pamoja na vipande vichache vilivyopinda, na mabaki hayo yakajengewa ndege nzima kwa bati jipya. Je, ni ndege ileile?

Mfano mzuri ni Spitfire mbili, P9374 na N3200, zilizotua kwa dharura kwenye fukwe za kaskazini mwa Ufaransa, pande za Calais, Mei 1940. Mchanga ulizimeza kwa miongo. Zilipoibuka hazikuwa ndege za kurushwa tena. Baada ya kazi kubwa iliyofanyika Duxford, Uingereza, ya kwanza iliruka tena mwaka 2011 na ya pili mwaka 2014. Ni kazi ya kuvutia mno, lakini sehemu kubwa ya bati linaloruka leo ni jipya, na waliozijenga hawakulificha hilo. Kwa kazi ya namna hii nasema uundaji upya. Kuunda ndilo neno la mafundi wa majahazi: chombo huundwa, na kutoka hapo tukapata kiunzi. Fundi wa pwani anayebadilisha ubao mmoja baada ya mwingine huku mkuku ukibaki anajua kwamba kazi yake imepita kukalafati, na haoni haya kuitaja kwa jina lake.

Upande wa pili kuna uhifadhi, kuacha kitu kilivyo na kuzuia kisizidi kuharibika. Mwaka 2013 ndege ya Ujerumani, Dornier 17, iliopolewa kutoka bahari ya kusini-mashariki mwa Uingereza ikiwa imefunikwa na chumvi na makombe. Ilinyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile ya ndimu, ili ukoko utoke na bati lisizidi kuliwa na chumvi. Hakuna aliyekusudia kuirusha. Vilevile ndege ya Marekani, B-17, iliyotua kwenye kinamasi cha Papua New Guinea mwaka 1942 iliondolewa mwaka 2006, na sasa inaonyeshwa Pearl Harbor ikiwa na majeraha yake.

Bado kuna neno moja ninalolitafuta: jina la ule uso wa zamani wa ndege, rangi iliyopauka, mikwaruzo, alama za mikono ya mafundi. Uchakavu halifai, kwa kuwa kitu chakavu kinangoja kutupwa. Kutu ni ya chuma, na mwili wa ndege hizi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Kwa sasa naandika ngozi, kwa maana ngozi huzeeka, huungua na jua, hubaki na kovu, na mtu hubaki yuleyule.

Nikirudi jangwani, naweza sasa kuandika maelezo ya Kittyhawk kwa maneno ninayoyaamini: ndege ET574, iliyotua tarehe 28 Juni 1942, ikaonekana mwaka 2012 ikiwa na ngozi yake iliyosuguliwa na mchanga kwa miaka 70. Baadaye ilipakwa rangi mpya. Sijaandika imerejeshwa, kwa sababu rangi ile haikuirudisha siku ya Copping jangwani, wala siku ile ilipoonekana.