Wanaume waliokosekana: historia ya kuhesabu vifo vya ziada Kivu

Katika kartie ya Majengo, komini ya Karisimbi, hapa Goma, mtu akifariki habari humfikia shefu wa avenyu kabla ya kufika ofisi yoyote ya serikali. Turubai hufungwa mbele ya nyumba, viti hukodishwa, michango hupitishwa, watu hukaa matanga. Avenyu nzima hujua marehemu alikuwa na umri gani na ameacha watoto wangapi. Lakini uliza ni wanaume wangapi wa Kivu ya Kaskazini waliokufa tangu Agosti 1998 ambao wangekuwa hai kama vita vilivyoanza mwezi huo visingekuja. Hakuna daftari lenye jibu hilo. Idadi zote tunazozisikia redioni zilipatikana kwa kukokotoa, na watu waliokokotolewa wana haki ya kujua ilifanywaje.

Vifo vya ziada ni tofauti kati ya vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetokea katika hali ya kawaida. Wazo hili ni la zamani. Huko Uingereza, katika karne ya 19, William Farr wa ofisi ya kusajili vizazi na vifo alizichukua wilaya zenye afya bora, ambako walikufa watu 17 kwa kila 1,000 kwa mwaka, akazifanya kipimo cha kulinganishia miji iliyojaa uchafu na kipindupindu. Kila kifo kilichovuka kipimo hicho alikihesabu kuwa kingeweza kuzuiwa. Farr alikuwa na kitu ambacho Kongo haina: rejista. Sensa ya mwisho ya taifa letu ilifanyika Julai 1984, nchi ikiwa na watu wapatao milioni 30. Takwimu za wakazi zilizofuata ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Goma iliingia katika vitabu vya wataalamu wa afya mwaka 1994. Katikati ya Julai, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Kipindupindu kiliwakumba, kikafuatiwa na kuhara damu. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, jembe haliingii, kwa hiyo maiti zilifungwa kwenye mikeka na kulazwa kando ya barabara mpaka malori yapite. Waliozikusanya ndio waliozihesabu: karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Idadi ya waliokufa ilijulikana vizuri kuliko idadi ya waliobaki hai. Gawanya maiti hizo kwa watu 500,000, kisha kwa 800,000, uone jinsi kiwango cha vifo kinavyobadilika ilhali hakuna maiti hata moja iliyoongezeka wala kupungua.

Vita vya 1998 havikuwa na malori ya kuhesabu. Watu walifia msituni, mashambani na katika vijiji ambavyo sipitali zao zilikuwa zimeporwa. Mwaka 2000 shirika la International Rescue Committee lilimtuma Les Roberts, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, kupima vifo mashariki mwa nchi. Matokeo yake yalikuwa vifo vya ziada milioni 1.7 kwa miezi 22. Uchunguzi ulirudiwa mwaka 2001, 2002 na 2004, na wa tano ulimalizika 2007. Jumla ilipanda kila mara: milioni 2.5, 3.3, 3.9, na mwishowe 5.4. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotajwa hadi leo katika hotuba na kwenye mabango ya maandamano.

Kazi yenyewe hufanyika mlangoni. Nyumba huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwulizaji huomba ruhusa, kisha huandika kila mtu aliyekuwa akilala humo mwanzoni mwa kipindi kinachochunguzwa: jinsia, umri, nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kwa nini. Mama asiyekumbuka tarehe husaidiwa na matukio. Hapa Goma wengi hupima miaka kwa volkano ya Nyiragongo: kabla ya lava ya Januari 2002, au baada yake. Katika uchunguzi wa 2004 nyumba 19,500 zilitembelewa, na kiwango kilichopatikana kilikuwa vifo 2.1 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wastani wa Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa 1.5. Toa, unabaki na 0.6. Zidisha kwa wananchi wa Kongo nzima wa wakati ule, zaidi kidogo ya milioni 63, utapata vifo vya ziada kama 38,000 kila mwezi.

Ugomvi wote uliofuata ulianzia kwenye hiyo 1.5. Watafiti wa Human Security Report Project nchini Canada walisema Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani wa Afrika hata kabla ya risasi ya kwanza, kwa hiyo kipimo cha haki ni 2.0. Kwa badiliko hilo tu, vifo vya ziada vya kati ya Mei 2001 na Aprili 2007 vilishuka kutoka milioni 2.8 hadi chini ya 900,000. Wabelgiji wawili, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walipitia njia nyingine kabisa wakafika karibu 200,000 kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Kwa maoni yangu wakosoaji walikuwa na hoja ya kweli kuhusu kipimo cha kuanzia, kwani miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu iliacha vituo vya afya bila dawa. Hata hivyo, uchunguzi wa 2004 ulionyesha mikoa ya mashariki yenye vita ikiwa na vifo vingi kuliko magharibi. Tofauti hiyo iko ndani ya nchi moja, na haiwezi kufutwa kwa kuleta wastani mwingine kutoka nje.

Katika mabishano hayo wanaume walipotea. Uchunguzi wa 2007 ulionyesha kwamba asilimia 47 ya waliokufa walikuwa watoto chini ya miaka mitano, ingawa wao walikuwa asilimia 19 tu ya wananchi. Waliokufa kwa kushambuliwa walikuwa asilimia 0.4; malaria, kuhara na nimonia ndizo zilizoua zaidi. Ilikuwa sawa kabisa macho yaelekezwe kwa watoto. Lakini mwanaume mzima ana matatizo yake katika hesabu. Kwa kawaida hufa mapema kuliko mwanamke, kwa hiyo lazima awe na kipimo chake, umri kwa umri. Husafiri: yuko Walikale machimboni, yuko Uganda, au amechukuliwa na kikundi chenye silaha, na mke aliyeko mlangoni hajui aandikishe “amehama” au “amekufa”. Zaidi ya hayo, baba akiuawa mara nyingi nyumba huvunjika. Mjane hurudi kwao, watoto hugawanywa kwa shangazi na wajomba, na mwulizaji anapopita hakuna mlango wa kubisha. Kifo hicho kinaponyoka kwenye hesabu.

Kenya ilikwisha kupambana na tatizo hili. Mwanahistoria Caroline Elkins, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu vita vya Mau Mau, alilinganisha ongezeko la Wakikuyu na lile la Wakamba, Waluo na Waluhya kati ya sensa za 1948 na 1962, akasema watu kati ya 130,000 na 300,000 hawaonekani. John Blacker, mwanademografia aliyezifahamu sensa za Kenya kwa mikono yake, alimjibu mwaka 2007. Aliacha kulinganisha makabila, akaangalia watoto na watu wazima waliopotea, wanaume na wanawake mbali mbali. Alipata vifo vya ziada karibu 50,000, nusu yao watoto chini ya miaka kumi; kwa watu wazima, wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Idadi ilishuka, lakini sasa ilikuwa na umri na jinsia, na mtu angeweza kuona vita na kambi za kizuizi zilimwua nani.

Mbinu za namna hii zina mizizi Nairobi. William Brass, Mskoti aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki tangu 1948, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kupata viwango vya vifo mahali pasipo na rejista. Kwa watoto, muulize mama amezaa wangapi na wangapi wako hai. Kwa wanaume, swali ni hili: baba yako yuko hai? Ukiwa na majibu ya watu wa kila umri, unaweza kukadiria nafasi ya mwanaume kuishi. Kuna jambo dogo ambalo anayekokotoa hapaswi kulisahau: mama lazima awe hai siku ya kujifungua, lakini baba anahitajika tu miezi tisa kabla, kwa hiyo hesabu ya baba huanzia huko nyuma. Udhaifu wake ni mkubwa kwetu. Mwanaume mwenye watoto wanane hutajwa mara nane. Kijana wa miaka 19 aliyeuawa kabla ya kuzaa hatajwi kabisa.

Kijana huyo hukumbukwa na dada yake. Uchunguzi wa afya ya jamii, EDS, uliofanywa Kongo mwaka 2007 na tena 2013–2014, uliwataka wanawake wataje ndugu wote waliozaliwa na mama yao: jinsia, yuko hai au la, alikufa lini, akiwa na umri gani. Lengo lilikuwa kupima vifo vya uzazi, lakini majibu yale yale yanatoa vifo vya kaka zao wa miaka 15 hadi 49, mwaka baada ya mwaka. Kasoro ni kwamba ukitenga mkoa mmoja, walioulizwa huwa wachache na makisio hupanuka mno. Na mama ambaye watoto wake wote wameangamia hana wa kumsemea.

Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Judith Suminwa aliliambia Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva kwamba zaidi ya watu 7,000 wamekufa mashariki tangu mwaka uanze, 3,000 kati yao Goma, na kwamba maiti zaidi ya 2,500 zilizikwa bila kutambuliwa. Hao wamehesabiwa kama miili, kama walivyohesabiwa wale wa 1994. Waliokufa kwa kukosa dawa ya presha au njia ya kufika sipitali hawamo. Kuwapata kutahitaji mtu abishe hodi Majengo, Katoyi na Ndosho, pamoja na kule wajane walikorudi, akiwa na maswali mawili ambayo hayajawahi kuulizwa katika sensa yoyote ya Kongo tangu 1984, kwa kuwa sensa yenyewe haijafanyika: baba yako yuko hai, na kaka zako ni wangapi waliobaki.