Moshi wa Yoichi: Historia ya Ladha Iliyokataliwa

Mji wa Yoichi uko katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, takriban kilomita 50 magharibi mwa Sapporo, mahali ambapo milima huteremka hadi Bahari ya Japani na majira ya baridi huleta theluji nyingi. Hapo ndipo Masataka Taketsuru alipoanzisha kiwanda mwaka 1934, na hapo ndipo ilipokuja kuuzwa wiski iitwayo Yoichi Peaty & Salty, yenye moshi mzito na dalili ya chumvi, ambayo iliwekewa hasa wale waliofika kiwandani wenyewe. Ladha hiyo ina historia ndefu kuliko kiwanda, kwa kuwa moshi unaotafutwa leo na wasafiri ndio uleule ambao wanywaji wa Japani waliukataa hapo awali.

Wiski ya aina hii hutengenezwa kwa kimea, yaani shayiri iliyolowekwa ikachipua kisha ikakaushwa. Huko Uskochi, desturi ya kale ilikuwa kuikausha juu ya moto wa piti, ambayo ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka katika ardhi ya kinamasi, yakakatwa vipande na kuanikwa yawe kuni. Moshi wa piti hubeba kemikali ziitwazo fenoli, nazo hushika kwenye punje mbichi na kudumu humo hata baada ya kimea kusagwa, kuchachushwa na kukenekwa, yaani kuchemshwa ili mvuke wenye kileo utengwe na kupozwa uwe kimiminika. Kwa hiyo moshi si kitu kinachoongezwa mwishoni. Huamuliwa mapema kabisa, kabla hata tone moja la kileo halijapatikana.

Taketsuru, aliyezaliwa mwaka 1894 katika ukoo wa watengenezaji wa sake, pombe ya mchele, alijifunza jambo hilo penye chanzo chake. Alitumwa Uskochi na mwajiri wake mwaka 1918, akasoma kemia Glasgow, akafanya mazoezi katika viwanda kadhaa, kikiwemo Hazelburn cha Campbeltown, na kila alichokiona akakiandika na kukichora katika madaftari ambayo baadaye yalikuwa msingi wa tasnia nzima. Mwaka 1920 alimwoa Rita Cowan, mwanamke wa Kiskochi, wakarejea pamoja Japani mwaka huohuo. Mwajiri wake wa kwanza alishindwa kugharimia mradi wa wiski, na ndipo mfanyabiashara Shinjiro Torii alipomwajiri kujenga kiwanda cha Yamazaki, karibu na Kyoto, kilichoanzishwa mwaka 1923.

Tunda la kazi hiyo lilikuwa wiski ya Shirofuda, iliyoingia sokoni mwaka 1929, nayo ikakataliwa. Wanywaji waliozoea ulaini wa sake walilalamika kwamba inanuka kama kitu kilichoungua, na malalamiko hayo hayakutokana na ujinga, kwani hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kinywa ya kuupokea moshi ule. Torii alifuata njia ya kuipunguzia wiski moshi ili imfae mnywaji aliyekuwapo. Taketsuru hakuikubali njia hiyo, na mwaka 1934 aliondoka.

Uchaguzi wa Yoichi unaonyesha jinsi alivyokuwa mtu wa kanuni. Palikuwa na baridi na unyevu wa bahari vilivyofanana na vya Uskochi, makaa ya mawe yalipatikana Hokkaido, na uwanda wa Ishikari, usio mbali, ulikuwa na piti. Lakini wiski huhitaji miaka ndani ya mapipa kabla ya kuleta fedha, na kwa sababu hiyo kampuni ilianza kwa kukamua tufaha za wakulima wa hapo, chini ya jina Dai Nippon Kaju, maana yake kampuni kuu ya maji ya matunda ya Japani, ambalo baadaye lilifupishwa likawa Nikka. Wiski ya kwanza ya kampuni hiyo ilitoka mwaka 1940.

Mitungi ya shaba ya Yoichi imeendelea kuchemshwa kwa moto wa makaa ya mawe unaochochewa kwa koleo, njia ngumu ambayo viwanda vingi duniani vimeiacha kwa kutumia mvuke. Moto huo mkali huunguza kidogo kilichomo chini ya mtungi na kuipa wiski uzito, na uzito huo ndio unaoufanya moshi uwe na mahali pa kushika. Shingoni mwa mitungi hufungwa shimenawa, kamba takatifu za dini ya Shinto, kwa desturi iliyotoka katika nyumba za sake ambamo Taketsuru alikulia. Siku hizi kimea kingi huagizwa kutoka ng'ambo, lakini tanuri za kukaushia kimea, zenye paa jekundu, bado zimesimama.

Anayeionja Peaty & Salty hukutana kwanza na harufu ya majivu na ya dawa, kisha utamu wa shayiri hujitokeza polepole, na chumvi hubaki ulimini baada ya moshi kupungua; matone machache ya maji huifungua zaidi. Wageni wa kiwanda, mwisho wa ziara, hukaribishwa kuonja Yoichi, pamoja na Super Nikka, wiski ambayo Taketsuru aliitoa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kifo cha Rita, na kando yake glasi ndogo ya mvinyo wa tufaha.